Kabla ya kuuliza kusudi lako, jua kwanza wewe ni wa nani

Mleta uzi:

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Na ninyi ambao si wa imani hii lakini mmefungua uzi, karibuni sana.

Kuna swali linarudi kila wiki kwa sura tofauti: "Kusudi langu hapa duniani ni nini?" Wanaouliza wengi ni vijana, lakini wapo pia watu wazima wenye kazi, familia na heshima zao. Wanauliza kwa uchungu wa kweli. Majibu wanayopewa huwa ni yale yale: tafuta kipaji chako, angalia jambo linalokukosesha usingizi, funga na kuomba mpaka uone maono. Sisemi mambo hayo ni mabaya. Ninachosema ni kwamba yanaanzia katikati ya safari. Biblia haianzi na kazi ya mtu. Inaanza na mtu ni wa nani, kazi inafuata baadaye, na ukigeuza mpangilio huo utahangaika hata ukiwa ndani ya kanisa kila siku.

Angalia Yesu mwenyewe. Luka 3:23 inasema alipoanza kazi alikuwa na umri wa kama miaka thelathini. Kabla ya hapo watu walimfahamu kama seremala (Marko 6:3). Hajahubiri, hajaponya mtu, hajamwita mwanafunzi hata mmoja. Anaingia Yordani kubatizwa, anatoka majini, na sauti inasema: "Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu, ninayependezwa naye" (Mathayo 3:17). Baba anatamka kwamba amependezwa naye wakati hakuna huduma yoyote ya hadharani ya kuonyesha.

Kinachofuata ni jangwa. Na shambulio la kwanza la Ibilisi linalenga pale pale: "Ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu, amuru kwamba mawe haya yawe mikate." Yaani thibitisha. Fanya kitu ili ijulikane wewe ni nani. Siku arobaini za njaa, na jaribu la kwanza linakuja likiwa limebeba swali la utambulisho. Yesu anakataa kuthibitisha kwa kazi jambo ambalo Baba ameshalisema.

Mimi naamini vita vya wengi wetu viko hapo hapo. Tunageuza mawe kuwa mikate kila siku ili watu waseme sisi ni kitu.

Mleta uzi: (naendelea)

Mfano wa pili ni Musa. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 3, Mungu anamtuma kwa Farao, naye anauliza swali ambalo wengi tunalo kifuani: "Mimi ni nani, hata niende kwa Farao?"

Kama tungekuwa sisi tunamjibu, tungemwambia: Musa, wewe umekulia nyumbani kwa mfalme, unalijua jumba, umesoma hekima yote ya Wamisri, umekaa jangwani miaka arobaini unalifahamu vizuri. Wewe ndiye hasa! Na yote yangekuwa kweli. Mungu hamjibu hivyo. Anamwambia, "Bila shaka mimi nitakuwa pamoja nawe." Ameulizwa "mimi ni nani", amejibu kwa kusema nani atakuwa naye. Kwa muda mrefu jibu hilo lilionekana kwangu kama halikujibu swali. Siku hizi naliona ndilo jibu pekee ambalo lingemfaa mtu wa miaka themanini aliyekwisha kushindwa mara ya kwanza alipojaribu kuwa mkombozi kwa nguvu zake.

Upendo_wa_Kweli:

Amina mtumishi. Ila mbona makanisani tunafundishwa kujitambua kwa kukiri? "Mimi ni kichwa wala si mkia." Mimi hilo limenisaidia kusimama.

Mleta uzi:

Dada Upendo, kama limekusaidia kusimama namshukuru Mungu, na sitaki kukunyang'anya. Naomba tu usome Kumbukumbu la Torati 28 yote, siyo mstari wa 13 peke yake. Ni maneno ya agano kwa taifa la Israeli, yana masharti, na sehemu kubwa ya sura hiyo ni laana kwa wasiotii. Ukisimama juu ya mstari huo kama ndio utambulisho wako, siku ukijikuta mkia kazini au nyumbani utasema nini? Utajiona umekataliwa na Mungu.

Paulo alikuwa na sababu nyingi za kuitwa kichwa. Anazitaja katika Wafilipi 3: ametahiriwa siku ya nane, kabila ya Benyamini, Mwebrania wa Waebrania, Farisayo, asiye na hatia katika sheria. Kisha anaziweka zote upande wa hasara, na neno analotumia, Biblia yetu imelitafsiri waziwazi kuwa "mavi". Halafu aliandika hayo akiwa kifungoni! Alikuwa mkia kwa kila kipimo cha dunia, na barua yenyewe imejaa furaha.

Kukiri ni kuzuri. Kiri yale ambayo hayabadiliki ukifukuzwa, ukiugua au ukizeeka.

Kijana Mtafutaji:

Mkuu mimi nimeokoka tangu nikiwa sekondari. Naimba kwaya, naongoza maombi, ni katibu wa vijana. Lakini nikiwa peke yangu najisikia mtupu. Hiyo "wewe ni wa nani" naijua kichwani. Tatizo ni nini?

Mleta uzi:

Mdogo wangu, asante kwa kusema wazi. Swali lako ndilo lililonisukuma kuandika uzi huu, kwa sababu mtego wa kazi kuwa jina la mtu haukai nje ya kanisa tu. Ndani umevaa mavazi ya huduma, ndiyo maana ni vigumu kuuona.

Soma Luka 15 taratibu, lakini safari hii usimwangalie yule aliyeondoka na mali. Mwangalie kaka yake. Huyu hajatoka nyumbani. Yuko shambani kila siku. Na anapokasirika, sikiliza anavyojieleza kwa baba yake: "Tazama, mimi nimekutumikia miaka mingapi hii, wala sijakosa amri yako." Ni mtoto anayeongea kama kibarua anayedai ujira. Mdogo wake naye alikuwa ameandaa hotuba ya kuomba afanywe kama mmoja wa watumishi. Ndugu wawili, mmoja mbali na mmoja karibu, na wote wawili walidhani nafasi yao kwa baba inapimwa kwa kazi. Baba anawajibu wote kwa njia moja. Mdogo anavishwa vazi, pete na viatu kabla hajagusa jembe. Mkubwa anaambiwa, "Mwanangu, wewe u pamoja nami sikuzote, na vyote nilivyo navyo ni vyako."

Na pale Luka 10, wale sabini wanarudi wakishangilia kwamba hata pepo wanawatii. Huduma imefana. Yesu hawakemei kwa kufanya kazi, ila anaihamisha furaha yao: wafurahi kwa sababu majina yao yameandikwa mbinguni. Anajua siku itakuja pepo hatatoka haraka, na mtu ambaye furaha yake yote imekaa kwenye matokeo ataanguka nayo.

Ushauri wangu, na uupime na kiongozi wako anayekufahamu: kwa muda fulani omba upumzishwe ukatibu. Usihame kanisa, usiache ibada. Kaa tu benchi kama wengine, usikilize neno bila kuwaza ratiba ya kesho. Utaona kama Mungu bado anakupenda ukiwa huna faili mkononi. Najua jibu ni ndiyo, lakini wewe unahitaji kulijua kwa mwili wako, siyo kwa kuambiwa nami.

Fikra Huru:

Mimi siyo muumini, lakini nimesoma kwa heshima. Nina hoja moja. Mnasema mtu ajitambue kwa kuwa "mali ya Kristo". Hiyo si njia nyingine tu ya kumpoteza mtu? Mtu anaacha kuwa yeye anakuwa kivuli cha dini. Na neno "mali" lenyewe, kwa historia ya watu weusi, linatisha.

Mleta uzi:

Ndugu yangu, hoja yako ni nzito na nitaichukua kwa uzito wake. Kuna mtu mmoja anayeweza kuijibu vizuri kuliko mimi.

Alizaliwa Darfur, Sudan, kama mwaka 1869. Akiwa bado mtoto alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa. Hofu na mateso vilimpata kwa kiasi kwamba alisahau jina alilopewa na wazazi wake. Hakulikumbuka tena mpaka kufa. Wale waliomteka ndio waliomwita Bakhita. Akauzwa, akauzwa tena, akapita mikononi mwa mabwana kadhaa, akapigwa, akachanjwa mwili mzima na chale zikatiwa chumvi ili alama zibaki. Ukitafuta mfano wa binadamu aliyenyang'anywa utambulisho kabisa, jina, wazazi, kijiji, lugha, hata ngozi yake mwenyewe, ni huyo.

Mwaka 1883 alinunuliwa Khartoum na balozi mdogo wa Italia, na 1885 akafika Italia, ambako aliwekwa kwenye familia nyingine kama yaya wa mtoto. Baadaye yeye na mtoto huyo waliachwa kwa muda kwa masista Wakanosa, shirika la watawa wa Kikatoliki, Venice. Hapo ndipo alipofundishwa habari za Mungu ambaye, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa amemhisi tangu utotoni akitazama jua, mwezi na nyota na kujiuliza mwenye vitu hivi ni nani. Mama wa familia aliporudi kumchukua, Bakhita akakataa kuondoka. Kesi ikafika mbele ya sheria, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba ni mtu huru. Januari 9, 1890 akabatizwa kwa jina la Yosefina.

Sasa turudi kwenye hoja yako. Mwanamke huyu, akiwa huru kwa mara ya kwanza tangu utoto, alikuwa na hiari ya kutokuwa chini ya bwana yeyote. Na yeye, kwa lahaja ya Kivenice aliyojifunza huko, alizoea kumwita Mungu kwa neno la Bwana, lile lile la mwenye nyumba na mwenye mali. Hakuna aliyemlazimisha. Aliwajua mabwana kuliko mimi na wewe tutakavyowahi kuwajua, na alijua tofauti. Bwana huyu alikuwa ameshachapwa viboko yeye mwenyewe. Hakumnunua kwa fedha ili amtumie. Alijitoa nafsi yake ili ampate. Baadaye watu walimwona akibusu kisima cha ubatizo na kusema kwamba pale ndipo alipofanyika binti wa Mungu. Binti, ndugu yangu. Mtu aliyesahau jina alilopewa na baba yake alipata Baba.

Je, alipotea akawa kivuli? Aliishi miaka mingi Schio, kaskazini mwa Italia, akiwa mpishi, mshonaji, na hasa mlinzi wa mlango. Watu wa mji ule walimfahamu kwa sauti yake ya upole na ngozi yake, wakampenda. Alibaki Mwafrika mpaka alipokufa tarehe 8 Februari 1947. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Imani haikufuta alichokuwa. Paulo naye alibaki Myahudi, na alipokaribia kupigwa mijeledi alitumia uraia wake wa Kirumi bila aibu (Matendo 22). Ufunuo 7:9 inaonyesha umati mbele ya kiti cha enzi kutoka kila taifa, kabila, jamaa na lugha. Kabila halikufutwa hata mbinguni. Kilichoondoka ni mamlaka ya kabila, cheo au aibu kusema neno la mwisho juu ya mtu.

Fikra Huru:

Sijashawishika kuhusu Mungu, lakini hoja ya Bakhita imenifikia. Asante kwa kutonitukana.

Mleta uzi:

Karibu wakati wowote ndugu. Milango ya uzi iko wazi.

Mama wa Watatu:

Na sisi wenye historia chafu? Kuna mambo nimeyafanya huko nyuma ambayo watu wakiniona ndiyo wanayoyaona.

Mleta uzi:

Dada yangu, soma 1 Wakorintho 6:9-11. Paulo anataja orodha ya dhambi bila kupunguza makali, kisha anaandika: "Na baadhi yenu mlikuwa watu wa namna hii, lakini mlioshwa." Wakorintho walikuwa wanajuana. Waliokaa ibadani siku barua inasomwa walijua nani alikuwa nani. Mtume hakuwaambia wajifanye hayakutokea. Aliyaweka yote katika wakati uliopita. Watu wakikuita kwa jina la zamani, wanaongea habari za mtu ambaye Mungu ameshamzika.

Kijana Mtafutaji:

Nimeelewa kuhusu kuwa mwana kwanza. Lakini bado kusudi lipo, au? Siwezi kukaa tu nikisema mimi ni mpendwa.

Mleta uzi:

Lipo kabisa. Waefeso 2:8-9 inasema tumeokolewa kwa neema, wala si kwa matendo. Mstari wa 10 unafuata papo hapo: "Maana tu kazi yake, tuliumbwa katika Kristo Yesu, tutende matendo mema, ambayo tokea awali Mungu aliyatengeneza ili tuenende nayo." Matendo yapo, na yameandaliwa. Ila angalia kitenzi cha mwisho: tuenende. Ni mwendo wa siku kwa siku. Wengi tunatafuta kusudi kama siri moja iliyofichwa, kwamba usipoigundua maisha yote yamekwenda bure. Sioni hilo kwenye Maandiko.

Mstari unaopendwa sana ni Yeremia 29:11, "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi." Ni maneno matamu. Lakini ni barua kwa watu waliopelekwa utumwani Babeli, na mstari wa 10 unawaambia watakaa huko miaka sabini. Wengi waliosikia barua ile walizeeka na kufa bila kurudi Yerusalemu. Na wameagizwa wafanye nini katika miaka hiyo? Wajenge nyumba wakae, wapande bustani wale matunda yake, waoe na kuozesha, wautakie amani mji wa adui zao na kuuombea. Hilo ndilo kusudi lao. Nabii mwingine, Hanania, alikuwa anawaambia watu kule Yerusalemu kwamba itaisha kwa miaka miwili, na ujumbe wake ulipendeza zaidi. Ulikuwa wa uongo.

Kwa hiyo mdogo wangu, anza na walio mbele yako. Masomo uliyonayo, wazazi wako, rafiki anayehitaji kusikilizwa, kazi ndogo ambayo hakuna anayeipigia makofi. Kama Mungu ana wito maalumu kwako, atausema, na atakukuta ukiwa unafanya kitu. Daudi alikutwa akichunga kondoo, Elisha akilima, Mathayo akikusanya ushuru. Bakhita alifungua mlango. Miaka na miaka, alifungua mlango na kuwapokea watu.

Msomaji wa Usiku:

Nimesoma uzi wote kimya. Niliachishwa kazi niliyoifanya karibu maisha yangu yote. Watu walikuwa wananiita kwa cheo changu, sasa hakuna anayeniita. Naamini Mungu, lakini asubuhi sijui naamka kama nani. Naona hata aibu kuomba.

Mleta uzi:

Mzee wangu, pole sana. Shikamoo, na asante kwa kutuamini na jambo hili.

Nikupeleke kwa Yohana Mbatizaji. Yeye alijijua vizuri kuliko wengi. Walipomwuliza "Wewe u nani?" alianza kwa kukana: yeye siye Kristo, siye Eliya, siye nabii yule. Kisha akasema yeye ni sauti ya mtu aliaye nyikani. Kazi yake na jina lake vilikuwa kitu kimoja. Halafu Herode akamfunga gerezani, na ile sauti ikanyamazishwa. Hakuna makutano, hakuna Yordani, hakuna wanaokuja kubatizwa. Mathayo 11 inasema huko gerezani alianza kuuliza hata jambo alilokuwa amelitangaza mwenyewe, akatuma wanafunzi wake kwa Yesu: wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?

Yesu hakumkaripia. Aliwaambia waende wamweleze waliyoyaona. Na walipokwenda zao, wakiwa wameshaondoka, ndipo Yesu akageukia makutano na kusema kwamba katika wazao wa wanawake hajaondokea aliye mkuu kuliko Yohana. Alilisema siku ambayo Yohana hana kazi, ana mashaka, na yuko nyuma ya kuta ambako asingeweza kusikia. Naomba ulishike hilo, mzee wangu. Kinachosemwa juu yako mbele za Mungu hakisubiri urudi kazini, na kinaweza kuwa kinasemwa sasa hivi usikokusikia.

Kuhusu aibu ya kuomba: usitafute maneno. Zaburi zimeshaandikwa, anza na ya 71, ni ya mtu mzima anayemwomba Mungu asimtupe wakati wa uzee, nguvu zake zipungukapo. Isome kwa sauti. Na usikae ndani siku zote. Nenda ibadani, na kama kuna kijana pale anayeanza kazi uliyoifanya wewe, kaa naye.

Msomaji wa Usiku:

Nimeisoma ya 71 usiku huu huu. Nimelia kidogo. Baada ya hapo nisome nini?

Mleta uzi:

Luka 3 na 4 kwa pamoja, mzee wangu, bila kuruka ile orodha ndefu ya majina katikati. Luka ameuweka ukoo wa Yesu baina ya ubatizo na jangwa, na anaupeleka nyuma, jina kwa jina, wengine hatujui walifanya kazi gani wala walikuwa na cheo gani, mpaka kwa Sethi, mpaka kwa Adamu, na Adamu anaandikwa kuwa wa Mungu. Ukimaliza, niandikie hapa tuzungumze. Nitakuwepo.